Kadi Kumi za Bibi Herufi

Watu wa mtaa ule wakikupa jina, lipokee tu, maana hata ukilikataa halitoki. Yeye walimwita Bibi Herufi tangu akiwa hajatimiza miaka arobaini, mrefu, mwembamba, hana mvi hata moja. Hiyo "Bibi" ilimuudhi kidogo. Hiyo "Herufi" ilimpendeza mno, ingawa alijitia kukasirika kila alipoitwa.

Jina lilitokana na kazi. Alikuwa na duka la chumba kimoja katikati ya fundi viatu na muuza vioo, na juu ya mlango maneno aliyoyachora kwa mkono wake: CHAPA, MIHURI, PICHA ZA PASIPOTI. Ndani mlikuwa na stuli ya kupigia watu picha, shuka jeupe ukutani, printa mbili ambazo moja ilifanya kazi siku iliyojisikia, na kompyuta yenye programu ya kuhariri picha. Humo ndimo alimoishi. Aliyeleta picha ya harusi iliyochanika aliondoka nayo nzima. Aliyeleta picha ya marehemu baba yake aliyesimama nyuma ya watu tisa aliondoka na baba peke yake, tena amevalishwa koti na tai ambayo maishani mwake hakuwahi kuifunga.

Kilipojengwa kiwanda cha ndoo na mabeseni nyuma ya ile barabara kubwa, walikuja Wachina wa kukiendesha, na wenyewe walitaka mabango, mihuri na lebo zenye maandishi ya kwao. Wachapaji wengine walijaribu wakakimbia. Unabandika maneno ya Kichina kwenye programu, unabonyeza, na badala ya herufi unapata visanduku vitupu vimejipanga mstari mzima. Mmoja wao aliapa kwamba kompyuta yake imerogwa. Bibi Herufi hakuamini uchawi wa aina hiyo. Alijifungia na kompyuta yake wiki nzima, akagundua kwamba ubaya wote uko kwenye fonti: kila fonti ina herufi zake tumboni, na ukiidai herufi isiyokuwa nayo, inakupa kisanduku. Akaanza kuzisaka fonti na kuzihifadhi. Mwaka haukuisha, kila mwenye shida ya Kichina aliambiwa nenda kwa Bibi Herufi.

Usidhani alijua kusoma. Hakujua hata neno. Alichokuwa nacho ni jicho. Herufi zile alizipa majina yake mwenyewe kwa jinsi zilivyokaa: hii dirisha, ile ngazi, nyingine kibanda cha mlinzi. Kama katika mstari mnene imechomoza herufi moja nyembamba iliyotoka kwenye fonti nyingine, aliiona akiwa bado mlangoni, na hakutulia mpaka ameirekebisha. Wachina wenyewe walikuwa wakishika kazi yake, wakiigeuza huku na huku, na kutikisa kichwa kwa kustaajabu. Sifa hizo zilimlevya kidogo, na nani asingelewa.

Duka halikuwa mapenzi yake ya kwanza. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa mdogo wake. Wazazi wao walifuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake minane, na ndugu wa ukoo walipokuja kujadiliana nani amchukue mtoto, yeye alimshika mkono akasema hachukuliwi na mtu. Alimwogesha, alimchapa, alimlilia alipougua surua. Wachumba wawili walikuja, wakamkuta na mtoto wa kulea, wakarudi walikotoka. Mtoto alikuwa hodari wa kufungua vitu. Kitanda alikifungua, redio aliifungua, na mifukoni hakukosa nati za ukubwa wote, ndiyo maana wakamwita Nati. Alipokua akawa fundi mitambo, akaoa mwanamke mpole mwenye ulimi mkali, na akaajiriwa kiwandani kushughulikia mashine ya kusaga plastiki. Dada mtu alibaki bila mume wala mtoto, lakini Jumapili alikuwa na pa kwenda kula, na watoto wawili wa kumwita shangazi.

Huko kiwandani Nati alipata rafiki ambaye hakuna aliyemtarajia. Alikuwa msimamizi wa zamu, Mchina wa makamo, ambaye kutwa hakuachana na chupa yake ya chai, na wafanyakazi wakamwita Bwana Chai. Kiswahili alijua maneno kama ishirini. Nati Kichina alijua manne, matatu yakiwa matusi. Hata hivyo walikaa pamoja kila mapumziko, wakionyeshana vipuri na kuchekeana, na wenzao walishindwa kuelewa wanachekea nini.

Siku moja Nati alimleta Bwana Chai dukani ili akuziwe picha ya mke na binti aliowaacha kwao. Wakati printa inajishauri, Bwana Chai alimkuta Bibi Herufi akipanga lebo ya Kichina kwenye skrini. Akainama, akamwonyesha herufi moja nyepesi, ya mistari miwili tu iliyotanuka. Kisha akachukua vidole vyake viwili na kuvitembeza juu ya meza, taratibu, mpaka kwenye kikombe.

"Anakwambia hiyo ni mtu, dada," Nati akasema.

"Kweli bwana! Ina miguu!"

Wakacheka wote watatu. Katika maelfu ya herufi alizozipanga maishani, ile ndiyo pekee aliyoijua maana yake.

Kazi ya kadi ilikuja miezi michache baadaye, Jumatatu asubuhi. Mkalimani wa kiwanda, ambaye Bibi Herufi alimjua kwa simu tu, alimtumia sentensi kumi, kila moja kwa Kichina na chini yake Kiswahili. Zilitakiwa kadi kumi ngumu, zilizofunikwa kwa nailoni, zenye tundu la kamba, za kutumika kwenye mashine ya kusaga. Wakaguzi wa usalama wangefika saa nane mchana.

"Tafadhali sana, ziwe tayari kabla ya saa saba," mkalimani alimwambia. "Mimi nasafiri, simu yangu haitapatikana."

Kadi nane zilikaa vizuri. Mbili zikamkera, ya nne na ya saba. Katika kila moja ya hizo, katikati ya mstari, palitokea kisanduku kitupu, kwa sababu ile fonti nene aliyoipenda haikuwa na herufi iliyotakiwa. Mchapaji mwingine angebandika fonti nyingine, herufi moja ikonde kuliko wenzake, na maisha yaendelee. Yeye hakuweza. Alipiga picha kioo cha simu, akaikata mistari ile miwili, akainenepesha kwa brashi ya kompyuta mpaka ikafanana na mingine, akaiingiza kwenye kazi kama picha.

Hapo pana jambo ambalo lazima lielezwe. Katika programu ile kazi hupangwa kwa tabaka, moja juu ya jingine, na mafundi huyaita leya. Ukiandika maneno kama maneno, leya yenyewe hujiita kwa maneno hayo, na huwezi kupotea. Ukiyaleta maneno kama picha, programu haijui tena kwamba ni maneno. Kwake ni wino tu, nayo huipa leya namba. Mistari ile miwili ikawa leya ya arobaini na moja na leya ya arobaini na mbili. Desturi ya Bibi Herufi ilikuwa kuzipa jina papo hapo. Siku ile, kabla hajazipa, aliingia mama mmoja na watoto watatu wa kupigwa picha za pasipoti, na wa mwisho alilia kwenye stuli mpaka fundi viatu akaja kuchungulia. Walipotoka ilikuwa saa sita imepita. Bibi Herufi akavuta leya moja akaiweka hapa, akavuta ya pili akaiweka pale, akazisawazisha kingo, akarudi nyuma hatua mbili kuzitazama. Zilipendeza. Akachapa.

Wakaguzi walizikuta kadi zimening'inia kwenye ubao wake kando ya mashine, wakazisifu. Wao hawakujua Kichina. Wachina waliokuwepo hawakujua kusoma Kiswahili. Mkalimani aliyejua vyote viwili alirudi baada ya wiki, na hakuna aliyemwomba akague kitu ambacho kimekwisha kusifiwa.

Ikapita miezi minne bila mashine kukwama. Jumatano moja, saa nne asubuhi, kipande cha plastiki ngumu kilikwama kwenye visu vya mashine. Nati akaizima, akachukua kadi kwenye ubao, akaitundika juu ya swichi kama ilivyoamriwa, akaingiza mkono na bega ndani. Bwana Chai akatokea upande wa pili. Akaisoma kadi, akaitoa, akawasha.

Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko.

Hospitalini Bibi Herufi na wifi yake walikaa kwenye benchi la koridoni tangu mchana mpaka jua likaanza kushuka. Wifi hakulia. Alishika tama, akitazama mlango wa chumba cha upasuaji, na kila baada ya muda akasema maneno yale yale.

"Walikuwa wanakunywa chai pamoja, wifi. Kila siku walikuwa wanakunywa chai pamoja."

"Mungu anamwona," Bibi Herufi alimjibu. Akamlaani Bwana Chai kwa maneno mazito, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kulaani, akamwombea mkono wake nao unyauke. Wifi akaitikia amina.

Nati alipoweza kukaa kitandani, kiwanda kikaanza kuuliza maswali. Yeye alisema alitundika kadi ya USIWASHE, KUNA MTU NDANI. Aliisoma kwa macho yake kabla ya kuitundika. Bwana Chai, kwa kinywa cha mkalimani, alisema kadi aliyoikuta iliandikwa kufagia chini ya mashine baada ya kazi, naye aliisoma kwa macho yake. Kadi zenyewe hazikuwepo. Waliosafisha pale siku ile walikuwa wamekusanya kila kitu chenye damu, ubao wa kadi, matambara, glavu, wakavichoma. Likabaki neno la huyu na neno la yule.

Mwenye kiwanda akaandika barua kwamba fundi alitundika kadi isiyo sahihi, kwa hiyo uzembe ni wa fundi mwenyewe na kazi hana tena. Wafanyakazi wakaweka kazi chini. Ili watulie, akamfukuza na Bwana Chai pia, kwa kuwasha mashine bila kuchungulia ndani, akaamuru arudishwe kwao karatasi zake zikikamilika. Wote wawili unga ukamwagika, na kila mmoja akaamini mwenzake ni mwongo.

Kisha kiwanda kikampigia simu Bibi Herufi. Walitaka kadi nyingine kumi, zile zile.

Alifungua faili asubuhi, mlango wa duka ukiwa wazi, kelele za mtaa zikiingia. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alichotaka ni kuiona hiyo kadi ya USIWASHE, aitazame tu, kadi ambayo mdogo wake aliitegemea. Akaisogeza karibu mpaka ikajaa skrini. Chini Kiswahili, juu Kichina. Na katika mstari ule wa Kichina, bila kujua anatafuta nini, jicho lake likaitafuta ile herufi ya miguu miwili. Kuna mtu ndani, basi mtu yuko wapi?

Hakuwepo.

Akatafuta tena, kutoka kushoto kwenda kulia, akiweka kidole kwenye kioo. Hakuwepo. Akaenda kwenye kadi ya saba, FAGIA CHINI YA MASHINE BAADA YA KAZI, na mtu alikuwa pale, katikati ya mstari, ametanua miguu. Akafukua ujumbe wa zamani wa mkalimani kwenye simu, akalinganisha herufi moja moja, dirisha kwa dirisha, ngazi kwa ngazi. Leya ya arobaini na moja ilikuwa mahali pa arobaini na mbili. Nati alisoma sawasawa. Bwana Chai alisoma sawasawa. Kila mmoja alisoma lugha yake kwenye kadi ile ile moja.

Akakaa kwenye stuli ya wateja. Mtu mmoja akaja kuulizia muhuri, akamjibu hatuna leo, na yule mtu akashangaa maana mihuri ilikuwa imepangwa mbele yake.

Kusahihisha kulikuwa kazi ya kufumba na kufumbua: vuta hii huku, vuta ile kule. Alizisahihisha, akampigia mkalimani akamwomba azikague bila kumwambia kwa nini, akamtumia picha za kadi zote, na mkalimani akathibitisha ziko sawa. Kadi mpya zikachapwa, zikapelekwa. Faili la zamani likabaki. Alilishika kwa kipanya akalivuta mpaka mlangoni pa pipa la taka la kompyuta, akaliachia, akalirudisha. Siku iliyofuata akafanya hivyo hivyo. Kulifuta hakuweza, na kulionyesha hakuweza.

Tusimseme sana. Ni rahisi kumhukumu mtu ukiwa umekaa unasoma. Kila asubuhi alijikaza kisabuni, akasema leo nitamwambia, na kila alipofika nyumbani kwa mdogo wake, akauona ule mkono wa shati uliokunjwa na kubanwa kwa pini, aliishia kuuliza watoto wamekula nini. Alikuwa amemlea kwa mikono miwili mtoto yule. Angemwambiaje kwamba mmoja ameuchukua yeye? Akawa anapika, anafua, anawasaidia watoto kazi za shule. Wifi akawaambia majirani hajapata kuona dada wa namna ile.

Wiki ya tatu, alimkuta Nati ameketi mezani na vitu amevipanga mbele yake: pakiti ya sabuni ya unga, kopo la dawa ya mbu, kiberiti, dawa ya meno. Anachukua kimoja, anakisoma kwa sauti, anakiweka.

"Dada, njoo unisaidie. Hapa pameandikwa nini?"

"Sabuni ya unga."

"Na hapa?"

"Weka mbali na watoto."

"Ndivyo nilivyosoma mimi," Nati akasema, akahema. "Hebu na hii."

Bibi Herufi alisoma kopo la dawa ya mbu, herufi zikimchezacheza machoni. Wifi alimvuta jikoni.

"Hivyo ndivyo anavyoshinda," alimnong'oneza. "Ana wiki mbili sasa. Anasema labda kweli alichukua kadi ya kufagia. Anasema labda kichwa chake ndicho kibovu, anaona kimoja anasoma kingine. Jana ameniambia nisimwachie mtoto avuke naye barabara. Wifi, mkono nimeshaukubali. Lakini akili zake zikimwacha, mimi nitafanya nini?"

Siku mbili baadaye Bibi Herufi alisikia dukani kwamba Bwana Chai anaondoka Ijumaa. Ijumaa hiyo, baada ya chakula cha mchana, alifunga duka na kwenda kwa mdogo wake na bahasha. Alimkuta mezani, sabuni mkononi. Wifi alikuwa jikoni akiosha vyombo.

"Nati."

"Naam, dada."

"Iweke chini hiyo. Kadi uliyotundika ndiyo yenyewe. Hukukosea."

Aliiweka chini. "Nani kasema?"

"Mimi. Na Bwana Chai naye hakudanganya." Akatoa karatasi mbili kwenye bahasha, kadi ya nne na ya saba kama zilivyokuwa mwanzo, akazilaza mbele yake. "Hapa chini Kiswahili kinasema usiwashe. Huku juu, kwa Kichina, pameandikwa fagia. Na kwenye hii nyingine ni kinyume chake. Nilizibandika mimi. Zilikuwa picha, hazikuwa na jina, nilikuwa na haraka. Nilizivuta bila kuangalia."

Nati alizitazama karatasi kwa muda mrefu, akizilinganisha, kidole cha mkono wa kushoto kikienda na kurudi. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha sauti, cha tumboni, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu siku ya mashine.

"Mama watoto! Njoo! Njoo uone! Nilisoma sawasawa! Nilikwambia nilisoma sawasawa!" Akaipiga meza, dawa ya meno ikaanguka. "Kichwa changu kizima! Mimi ni mzima kabisa!"

Wifi akaja mikono ikichuruzika maji. Alimtazama mumewe anavyocheka, akazitazama karatasi, akamtazama wifi yake aliyeinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeelewa mwanzo.

"Umejua lini?" akauliza.

Bibi Herufi angeweza kusema jana. Hakuna ambaye angejua.

"Siku waliyoniambia nichape kadi mpya. Wiki tatu sasa."

Kicheko cha Nati kiliisha taratibu. Aliangalia vile vitu vilivyopangwa mezani, kimoja kimoja, kana kwamba ameletewa na mtu mwingine.

"Wiki tatu," akasema. "Juzi nimekuuliza hapa pameandikwa nini. Ukanisomea. Ulikaa kwenye kiti hicho hicho, ukanisomea kopo la dawa ya mbu."

"Mdogo wangu, nilikuwa nataka..."

"Ukanisomea, dada."

Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa afadhali. Wifi alirudi jikoni, akafungua bomba, na maji yakawa yanamwagika tu bila chombo chochote kuoshwa.

Baadaye kidogo Nati alisimama. "Bwana Chai anaondoka leo, sivyo? Chukua karatasi zako, twende."

Walikwenda kwa miguu. Nati alitangulia, akitembea haraka kuliko alivyotembea siku nyingi, upande mmoja mwepesi. Dada mtu alimfuata nyuma na bahasha, na alipojaribu kumfikia, Nati aliongeza mwendo.

Bwana Chai alikuwa kwenye kibanda cha getini, sanduku limesimama karibu na miguu yake, akisubiri gari pamoja na mkalimani. Alipomwona Nati aliinuka, uso ukamwiva, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alidhani amekuja kumpiga.

Nati hakupoteza muda kwa salamu. "Mwambie alisoma sawasawa," alimwambia mkalimani. "Mwambie na mimi nilitundika sawasawa. Kadi ndiyo ilikuwa na makosa, chini hivi, juu vile. Mwonyeshe."

Mkalimani alizipokea karatasi. Alizisoma, akashika paji la uso, akaanza kueleza. Bwana Chai alimsikiliza mpaka nusu, kisha akazinyakua akazisoma mwenyewe. Akaketi juu ya sanduku lake. Mabega yalianza kumtikisika, na mtu yule ambaye kiwanda kizima kilimwita mwongo alilia kama wanavyolia watu wote wanaoambiwa hatimaye kwamba hawakusema uongo. Nati akamsogelea. Bwana Chai akainuka, akaunyoosha mkono wake wa kulia, akakumbuka, akaushika mkono wa kushoto wa Nati kwa mikono yake yote miwili. Wakasimama hivyo, wanalia, wanasukumana vifuani kwa vichwa, kila mmoja akisema kwa lugha yake maneno ambayo mwenzake hakuyajua.

Bibi Herufi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma. Machozi yalimtoka na yeye, ya furaha na ya aibu kwa pamoja, na hakuwa na pa kuiweka mikono yake.

Honi ya gari ikalia nje. Bwana Chai akajifuta uso kwa kiganja, na hapo ndipo alipomwona Bibi Herufi. Akamnyooshea kidole taratibu, akamgeukia Nati.

"Dada?" akauliza kwa Kiswahili.

Nati hakugeuka kumtazama.

"Mwambie ni fundi aliyechapisha kadi," alimwambia mkalimani.

Bibi Herufi alisubiri aongeze neno. Mkalimani naye alisubiri kidogo, kisha akatafsiri hivyo hivyo.